IST mbili, namba D na namba E: kibao kinakuambia nini hasa?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu hapa Morogoro. Mimi na mume wangu tumejichanga mpaka tumefikisha milioni 14 za kununua gari letu la kwanza. Tumepata Toyota IST mbili. Moja ni namba D, herufi zake zinaanza na DK, bei milioni 11. Nyingine ni namba E, inaanza na EC, bei milioni 13 na nusu. Dalali anasema tofauti ya bei ni kwa sababu E ndiyo gari jipya. Picha za kadi zote mbili nimekuwekea. Binamu yangu aliyeko Nairobi anasema kwao ukishajua herufi umeshajua na umri wa gari. Mume wangu naye anataka jioni gari lifanye teksi ya mtandao, na zote mbili zina vibao vya njano. Naomba unieleweshe hizo namba kabla hatujatoa hela.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri sana kuomba picha za kadi, maana jibu la nusu ya swali lako limo humo. Fungua tena picha ya kadi ya ile E na utafute mstari wa mwaka wa kutengenezwa. Imeandikwa 2004. Sasa fungua ya D. Imeandikwa 2006. Hilo analoliita dalali gari jipya ni kubwa kwa miaka miwili kuliko lile la D.

Dalali hajakosea kuhusu namba. Ni kweli E ni mpya kuliko D. Alichokosea, au alichokuacha ukosee mwenyewe, ni kuichukua namba kuwa ndiyo gari. Kwa hapa Tanzania Bara namba ya usajili inakuambia gari limeingia lini kwenye daftari la TRA, mamlaka ya mapato. Gari lenyewe lilitoka kiwandani lini, hiyo ni habari nyingine kabisa, na kibao hakiijui.

Tuanze na jinsi namba inavyotembea. T ya mwanzo ni Tanzania. Zinafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Tarakimu zikifika 999, herufi ya mwisho ndiyo inayosogea: DAA inakuwa DAB, halafu DAC, mpaka mwisho wa alfabeti, ndipo ya katikati isogee, DBA. Herufi ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote, haisogei mpaka zile mbili za nyuma yake ziwe zimezunguka zote. Piga hesabu mwenyewe, kila kundi la herufi tatu hubeba magari karibu mia tisa, kwa hiyo herufi moja ya kwanza humeza magari laki kadhaa. Ndiyo maana "namba D" tuliishi nayo kwa miaka mingi. Mtu akikwambia "hii ni namba D" hajakwambia kitu cha maana mpaka umuulize D gani. DA na DZ zote ni D, na zimepishana miaka kuliko DZ inavyopishana na EA. Nimeona watu wakilipa laki tano zaidi kwa gari la EA wakiacha la DY lililosajiliwa miezi michache tu kabla yake.

Kwenye kadi zako tarehe za usajili ziko wazi. Ile ya DK ilisajiliwa 2018, ile ya EC ilisajiliwa 2024. Toa sasa. Gari la 2006 lililosajiliwa 2018 liliingia nchini likiwa na miaka 12. Gari la 2004 lililosajiliwa 2024 limeingia kwenye daftari likiwa na miaka 20. Swali la kumuuliza muuzaji wa E ni moja tu: miaka hiyo 20 gari lilikuwa wapi?

Kuna majibu mazuri ya swali hilo. Huenda lilikuwa Japani muda wote, kwenye lami nyororo na ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara, likiendeshwa na mtu mmoja kwenda sokoni na kurudi. Gari la namna hiyo, hata likiwa la 2004, naweza kulipendelea kuliko la 2006 lililokula vumbi la barabara zetu kwa miaka kadhaa. Hapo namba E ina thamani ya kweli na sitaki nikudanganye kwamba haina. Inakuambia kuwa, kama lilitoka nje moja kwa moja, gari limekaa muda mfupi kwenye mashimo yetu, limewekewa mafuta yetu muda mfupi, na limepita kwenye mikono michache ya mafundi wa chini ya mwembe. Bushi, shokapu na steringi huwa zinashukuru.

Lakini kuna majibu mengine ambayo dalali hatakwambia. Namba mpya haimaanishi lazima kwamba gari limeshuka melini juzi. Gari la serikali likiuzwa mnadani linavuliwa namba zake za serikali, na mnunuzi analisajili kwa namba ya T ya siku hiyo. Ndiyo maana unaweza kukutana na Land Cruiser "namba E" ambayo imepigika Kigoma na Katavi kwa miaka 15, imepinda hadi fremu, lakini kibao kinang'aa. Magari ya miradi ya wafadhili ni hivyo hivyo. Magari ya wanadiplomasia yanapouzwa ni hivyo hivyo, kodi ikishalipwa. Na gari lililotumika Zanzibar likihamia Bara kabisa linaacha namba ya Z na kupewa ya T. Kote huko gari limezeekea hapa hapa Tanzania huku kibao kikisema limezaliwa jana. Kwa IST mnada wa serikali si jambo la kawaida. Kutoka Zanzibar inawezekana, kwa hiyo uliza.

Kinyume chake pia kipo. Waliokuwa na magari zamani wanazikumbuka namba za TZ, TZK, TZM na wenzake. Mfumo ulipobadilika kwenda huu wa T na herufi tatu, magari yale ya zamani yalisajiliwa upya na kupewa namba A. Kwa hiyo ukiona Land Rover 109 yenye namba A usifikiri ilikuja wakati namba A zinaanza. Inaweza kuwa ilibeba pamba ya chama cha ushirika kabla wewe hujazaliwa.

Sasa binamu yako wa Nairobi. Hajakosea, anasema ukweli wa kwao. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8, ni kiwango cha shirika lao la viwango, KS 1515. Matokeo yake ni kwamba herufi na umri vimefungwa kamba moja. KDA zilianza kutoka 2020, kwa hiyo gari la mtumba lililoagizwa mwaka huo na kupewa KDA halikuweza kuwa la nyuma ya 2013. KCA zilianza 2014, KBA zilianza 2007. Mkenya akisikia herufi anaweza kukadiria umri na asikosee sana, kwa sababu dirisha lenyewe ni dogo. Uganda nao waliweka kikomo mwaka 2018, miaka 15. Sisi Tanzania hatuna mlango wa namna hiyo. Gari kuukuu linaruhusiwa kuingia, ila linalipishwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likizidi miaka 10 ushuru huo unakuwa mkubwa zaidi. Anayelipa anaingiza. Ndiyo maana IST za umbo lile lile, kizazi cha kwanza kilichotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zinaweza kubeba namba B, C, D na E, na zote zikatoka kiwanda kimoja mwezi mmoja.

Kuna jambo la pembeni hapo, maana naona binamu atakuja kukutembelea na mtabishana. Kenya gari la binafsi lina kibao cheupe mbele na cha njano nyuma. Ni kanuni ya kutofautisha mbele na nyuma, haihusiani na biashara. Kwetu rangi inasema kitu kingine kabisa, na hapa ndipo tunaingia kwa mume wako.

Bara, kibao cha njano chenye maandishi meusi ni gari la binafsi. Kibao cheupe chenye maandishi meusi ni gari la biashara: daladala, teksi, lori la kukodisha, basi. Namba yenyewe haitofautiani kwa muundo, ni T ile ile, rangi ndiyo inayosema. Watu wengi huliona hili kama suala la trafiki tu, kwamba ukikamatwa na njano umebeba abiria utapigwa faini yako na yaishe. Mimi huwa naogopa kitu kingine, nacho ni bima. Bima ya gari la binafsi imepimwa kwa matumizi ya binafsi. Siku mume wako amebeba abiria anayelipa, ajali ikatokea, jambo la kwanza atakalouliza mkaguzi wa bima ni gari lilikuwa linafanya nini saa ile. Kampuni ikikataa kulipa kwa sababu matumizi hayakuwa yale mliyoandikisha, gharama ya hospitali ya mtu mwingine inakuja mezani kwenu, na mshahara wa mwalimu hauwezi kuibeba. Kama nia ya biashara ni ya kweli, fanyeni kwa njia yake: badilisheni matumizi TRA ili mpate kibao cheupe, kateni bima ya biashara, na mchukue leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kama mnataka kujaribu kwanza mwezi mmoja ndipo muamue, jaribuni hesabu kwenye karatasi, msijaribu na abiria wa kweli.

Umeniuliza namba zinamaanisha nini, na kwa kuwa utakuwa mtu wa barabarani sasa, nikupe na zile nyingine utakazokutana nazo. Nitazipitia haraka. Zinazoanza na ST, kama STK na STL, ni za Serikali Kuu. SM ni serikali za mitaa, yaani halmashauri. SU ni mashirika ya umma. PT ni Polisi, JW ni Jeshi la Wananchi, MT ni Magereza. CD ni wanadiplomasia, herufi walizotuachia Wafaransa, ndiyo maana utazikuta katika nchi nyingi. DFP ni magari ya miradi inayofadhiliwa na wahisani. Zanzibar wana Z mwanzoni badala ya T, na magari ya serikali yao yana SMZ. Pikipiki na bajaji zina MC, kisha tarakimu tatu na herufi tatu kama magari. Tela la lori lina namba yake peke yake, tofauti na ya kichwa, na ukisoma habari za ajali utaona gazeti limezitaja zote mbili. Na ukifika mpakani Tunduma ukaona nyuma ya lori kibandiko chenye EAT, hicho ni kitambulisho cha nchi cha kimataifa kilichobaki tangu enzi za ukoloni: EAT ni Tanzania, EAK ni Kenya, EAU ni Uganda.

Moja katika hizo nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu uko Morogoro, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na iko siku mtu atakufuata nayo. Ni IT. Magari ya IT ni yale yanayopita nchini kwetu kwenda nje, yameshushwa bandari ya Dar es Salaam na madereva wanayapeleka Tunduma yavuke kwenda Zambia au Kongo. Watu wengi wa njia hiyo wamewahi kupanda IT kwenda Mbeya. Sasa atatokea mtu akikuuliza kama unataka gari zuri kwa nusu ya bei, "liko na IT, kadi tutatengeneza". Usilisogelee hilo gari. Halijalipiwa kodi ya kuingia nchini, na kwa mujibu wa forodha halitakiwi kubaki hapa. Kadi "itakayotengenezwa" ni karatasi ya kughushi, na siku likikamatwa litakamatiwa kwako. Nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini kwa miaka 17 na nimeshuhudia familia zikilia nje ya yadi ya forodha kwa ajili ya bei hiyo ya nusu.

Turudi kwa IST zako. Kibao nilichokishushia hadhi hapo juu kina kazi moja kubwa. Ni ufunguo. Hakikwambii gari likoje, lakini kinafungua milango ya kuulizia, na milango mingine unaweza kuifungua ukiwa umekaa nyumbani na simu yako. Mfumo wa Polisi wa kuangalia madeni ya faini unakubali namba ya gari. Ingiza namba zote mbili uone. Faini ya kosa la kawaida kwa gari ni 30,000, zikirundikana tisa au kumi ni pesa, na zinafuata gari, kwa hiyo trafiki atakayekusimamisha Msamvu hatajali kwamba makosa ni ya mwenye gari wa zamani. Zaidi ya pesa, orodha ile ni wasifu wa dereva. Gari lenye faini kumi za mwendo kasi, dereva wake hakuwa anaendesha taratibu kwenye matuta. Mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, nao ukiupa namba ya gari unakwambia kama bima iliyopo ni ya kweli na ni ya aina gani. Angalia hapo hasa kwa D: kama imekatiwa bima ya biashara na bado iko kwenye njano, basi huenda imewahi kufanya teksi, haidhuru muuzaji anasema ilikuwa ya mke wake.

Mlango wa tatu ni TRA, na huo nenda kwa miguu, pamoja na muuzaji. Kadi mkononi haitoshi. Maofisa wataangalia kwenye mfumo kama namba, chasisi, injini, rangi na jina la mmiliki vinalingana na kadi mnayoishika. Hapo ndipo utajua pia kama anayekuuzia ndiye mwenye gari. Mtindo wetu mbaya ni kuuziana bila kubadili umiliki. Juma kamuuzia Asha, Asha kamuuzia Peter, na kadi bado ina jina la Juma ambaye amehamia Songea na simu haipatikani. Ukinunua kwa Peter umenunua gari la Juma. Sisitiza kukutana na mtu mwenye jina lililoko kwenye kadi, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na umiliki ubadilishwe kabla ya malipo ya mwisho. Ukiambiwa kadi halisi imepotea na kuna hati ya polisi tu, simama kwanza. Zipo kadi zilizopotea kweli. Zipo pia zilizo kwenye droo ya mkopeshaji, zimewekwa rehani, na mwenye gari anataka kuuza kabla hajafilisiwa.

Na baada ya milango yote hiyo, kuna namba ambayo kwangu ndiyo jina halisi la gari. Ni namba ya chasisi. Kibao kimefungwa kwa skrubu mbili, bisibisi na dakika tano zinatosha kukihamisha. Chasisi imechongwa kwenye chuma. Kwa magari ya Kijapani utaikuta kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au chini ya kiti cha mbele ukifunua zulia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana chasisi ya herufi na tarakimu 17, na ya 10 ndiyo inayoonyesha mwaka. Ya Japani haiko hivyo, ina jina la modeli, kistari, halafu tarakimu, na mwaka haukuandikwa humo. Lakini kwa IST inakwambia kitu kizuri. Ikianza na NCP60, gari linatakiwa liwe na injini ya 2NZ, 1,300cc. NCP61 ni 1NZ, 1,500cc. NCP65 ni 1,500cc pia, ila inavuta magurudumu yote manne. Linganisha na kadi. Picha yako ya D inaonyesha NCP60 na cc ya 1,290 na ushee, hapo sawa. Ya E, kidole cha mpigapicha kimeziba mstari wa chasisi. Huenda ni bahati mbaya, mimi sisemi. Omba picha nyingine.

Nitakueleza kwa nini ninang'ang'ania chasisi. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mteja kutazama Noah moja. Kibao kizuri, kadi halisi, kadi na kibao vinalingana, muuzaji mpole anayetukaribisha soda. Mteja alikuwa ameshatoa bahasha. Nikafungua boneti, nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikasoma tarakimu moja moja kwa sauti huku yeye akifuata kwenye kadi. Tarakimu ya tano haikulingana, na ile ya tano pekee ilikuwa na kina tofauti na wenzake, pembeni yake rangi ilipakwa juu ya kutu. Noah ya kweli yenye namba ile ilikuwa mahali pengine, labda imepondeka kwenye ajali, na vibao vyake na kadi yake vilikuwa vimevalishwa gari lingine lisilojulikana lilikotoka. Tuliaga tukaondoka. Mteja yule hakuongea mpaka tulipofika kituo cha daladala. Kwa hiyo usisome chasisi kwa kuitupia jicho, isome tarakimu baada ya tarakimu, kwa sauti, na mume wako ashike kadi.

Kwa E, muombe pia muuzaji cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Gari lililoingia 2024 halijawa la zamani kiasi cha karatasi hiyo kupotea, na wakala aliyelitoa bandarini anatakiwa kuwa nayo. Kina mwezi lilipoandikishwa mara ya kwanza kule, na kwa kawaida kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao. Kama cheti kinasema kilomita 140,000 na dashibodi leo inasema 86,000, umeshapata jibu kuhusu muuzaji na hulihitaji jibu kuhusu gari. Kama hakuna cheti, vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho. Chini kabisa kuna kitambaa kidogo kimeshonwa kikiwa na tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Mkanda wa 2011 kwenye gari la 2004 maana yake umebadilishwa, na mikanda haibadilishwi bure. Mara nyingi ni ajali.

Bei sasa. Milioni 2 na nusu ya tofauti, sehemu yake kubwa ni ya herufi. Soko letu limejizoesha kupanga bei kwa herufi, na hata wewe ukija kuuza, mnunuzi atakuuliza "namba gani?" kabla ya kuuliza mwaka, kwa hiyo sehemu ya hela hiyo inaweza kukurudia. Si sisi tu tunaolipia kibao: Dubai, Aprili 2023, kibao cha P 7 kilinunuliwa mnadani kwa dirhamu milioni 55. Lakini kule mnunuzi alijua ananunua kibao, na kibao kinabaki kuwa chake hata akiuza gari. Kwetu namba ya kawaida inakwenda na gari. Wewe umeambiwa unanunua upya wa gari, na upya huo haupo kwenye kadi.

Kwa kinachoonekana kwenye picha pekee, mimi ningeanza na D. Ni changa kwa miaka miwili, kadi yake inasomeka yote, cc na chasisi vinaafikiana, na inakuachia milioni 3 za kubadili umiliki, kukata bima, na kumlipa fundi wako mwenyewe alinyanyue gari na kulitazama chini kabla hujasaini. Kama D ikionekana kuwa ilifanya teksi, au fundi akakuta uvujaji kwenye gia, rudi kwa E, ila kwa mazungumzo mapya. Mwambie dalali unanunua gari la 2004, na milioni 11 na nusu ndiyo bei unayoiona wewe. Atalalamika sana. Mwache alalamike, halafu muonyeshe mstari wa mwaka kwenye kadi yake mwenyewe.

Ukipata picha ya chasisi ya E isiyo na kidole, nitumie pamoja na ulichokikuta kwenye faini na bima za zote mbili. Na kabla ya hapo hata shilingi ya "kushikilia gari" usitoe.